Okidi yako imepukutisha maua? Usiitupe, bado iko hai

Umeletewa okidi ya zawadi. Imekaa sebuleni miezi miwili ikiwa imechanua, kila mgeni anaisifia. Halafu ua moja likaanguka, la pili, la tatu. Sasa limebaki shina tupu na majani manne. Wengi wakifika hapo huona mmea umekufa, wanaupeleka jalalani.

Kumbe wanatupa mmea mzima. Okidi inayouzwa sana kama pambo la ndani, Phalaenopsis, huchanua kwa miezi miwili hadi mitatu, kisha hupumzika. Ukiitunza vizuri itachanua tena, na inaweza kuishi nyumbani kwako miaka mingi.

Kinachoziua nyingi ni maji kuzidi, siyo kiu.

Kwa nini maji mengi ni hatari?

Huko kusini-mashariki mwa Asia inakotoka, Phalaenopsis huota juu ya miti. Hainyonyi mti, imejishikiza tu. Mizizi yake iko nje: mvua ikinyesha inalowa, upepo ukipita inakauka.

Sasa uchukue mmea huo, uufukie kwenye udongo wa bustani na kuumwagilia kila asubuhi kama mchicha. Mizizi inakosa hewa na kuoza, kwa hiyo haiwezi tena kupeleka maji juu. Majani yanalegea. Mwenye mmea anadhani ni kiu, anaongeza maji. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa.

Utajuaje kama ina kiu?

Angalia mizizi, ndiyo maana okidi nyingi huuzwa kwenye vyungu vya plastiki vinavyoonyesha ndani.

- Rangi ya kijivu au fedha: ina kiu, mwagilia.
- Kijani: ina maji ya kutosha, iache.
- Kahawia na laini: imeoza, ikate kwa mkasi safi.

Mara nyingi, mara moja kwa wiki inatosha. Mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Usiache maji yatuame katikati ya majani, huozesha moyo wa mmea.

Iwekwe wapi?

Karibu na dirisha lenye mwanga, lakini jua la mchana lisiipige moja kwa moja, maana litaunguza majani. Dirisha linalopata jua la asubuhi ni zuri zaidi.

Badala ya udongo, tumia vipande vya magome ya miti vilivyochanganywa na mkaa. Vibadilishe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu vikianza kuoza huziba hewa.

Itachanua tena lini?

Shina la maua likiwa bado kijani, likate juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Huenda likachipua tena. Likikauka, likate lote.

Kinachoiamsha ni usiku wenye ubaridi. Kwa wakazi wa Nairobi, Arusha au Mbeya, hilo si tatizo. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, nafasi nzuri ni kati ya Juni na Agosti, joto linapopungua.

Usichimbe za porini

Okidi si ngeni kwetu. Hata vanila inayolimwa Kagera na Uganda ni tunda la okidi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, inayoitwa "Bustani ya Mungu", ina aina nyingi zinazoota kwenye nyasi.

Lakini usishawishike kung'oa. Okidi za porini hutegemea fangasi wa mahali zilipoota, hivyo nyingi hufa zikihamishwa. Biashara yake kati ya nchi na nchi nayo inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Nunua iliyooteshwa kitaluni.

Na ile yenye majani manne uliyotaka kuitupa? Angalia mizizi yake kwanza.