Kompyuta isiyolala, LUKU na sanduku la msikiti

Ijumaa moja baada ya swala ya Alasiri, mama watoto aliingiza namba za LUKU kwenye mita, kisha akatuita tuje tusome. Alikuwa amenunua umeme wa shilingi 5,000 kama ilivyo ada yake. Kwa muda mrefu fedha hiyo ilikuwa ikitupatia uniti 40 na ushei. Safari hii zilikuja uniti 14. Alidhani wakala amekosea, lakini hakukuwa na kosa. Nyumba yetu ilikuwa imetolewa katika daraja la watumiaji wadogo wa umeme na kuingizwa katika daraja la kawaida, na sababu ilikuwa nyuma ya televisheni yetu, ikiwaka mchana na usiku.

Miezi kadhaa nyuma, muumini mmoja alitupatia kompyuta kongwe ya mezani iliyoondolewa ofisini. Vijana wa madrasa wakaifunga diski kuu mbili na programu ya bure iitwayo Jellyfin, ikawa seva ya nyumbani, yaani ghala moja la picha na sauti ambalo televisheni na simu zote za nyumbani huchota humo bila kugusa kifurushi cha intaneti. Tukaweka darsa za msikiti wetu, tafsiri za mwezi wa Ramadhani na masomo ya watoto. Tukaweka pia katuni, filamu na video za harusi za jamaa zetu. Kwa kuwa msikiti hauna chumba cha kufungwa kwa usalama, kamati iliona rekodi za darsa zikae kwetu, na majirani wanaofikiwa na mtandao wa nyumba yetu wazisikilize humo.

Nia ilikuwa njema. Watoto walipata cha kutazama ambacho tumekichagua wenyewe, na wazee walisikiliza darsa walizozikosa. Lakini hatukuwahi kujiuliza mashine hii inakula kiasi gani.

Tulichokiona tulipopima

Tuliazima kwa fundi umeme kipimo kidogo kinachochomekwa ukutani, kisha kifaa kinachomekwa juu yake. Kompyuta ikiwa imekaa tu, hakuna anayetazama chochote, ilikuwa ikitumia wati 100 hivi. Mtu akifungua filamu ambayo televisheni haiwezi kuisoma jinsi ilivyo, seva hulazimika kuigeuza papo kwa papo, na matumizi yakapanda hadi wati 140.

Wati 100 ni kama taa moja ya zamani ya kioo, na ndiyo maana tulizidharau. Tofauti ni kwamba taa huzimwa. Wati 100 kwa saa 24 ni uniti 2.4 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 72. Nyumba yetu yote, pamoja na friji, pasi na feni, ilikuwa ikitumia uniti 60 kwa mwezi. Kompyuta moja ilikuwa imezishinda zote.

Daraja la watumiaji wadogo lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti hugharimu shilingi 122 hivi, kodi na tozo zikiwamo. Katika daraja la kawaida uniti moja ni shilingi 356 hivi. Kwa hiyo hatukuongezewa gharama ya uniti 72 peke yake. Hata zile 60 za zamani zilipanda bei. Mwezi uliokuwa ukitugharimu shilingi 7,320 ukawa wa uniti 132, takriban shilingi 47,000. Kwa kipato cha mtumishi wa madrasa, tofauti hiyo ni unga na mafuta ya mwezi.

Fedha ya sanduku

Tulipolieleza jambo hili katika kikao, wajumbe walituonea huruma. Wakapendekeza kwamba kwa kuwa mashine inahifadhi darsa za msikiti, sanduku la sadaka litoe shilingi 25,000 kila mwezi kufidia umeme wake. Sisi tukiwa katibu ndio tuliopaswa kuliandika azimio hilo katika muhtasari. Tuliomba muda hadi kikao kijacho.

Programu ile huweka kumbukumbu ya kila kilichofunguliwa. Tukaisoma ya mwezi mzima. Katika saa 720 za mwezi, seva ilitazamwa au kusikilizwa kwa saa 31. Darsa za msikiti zilichukua saa 9. Saa 22 zilikuwa katuni, filamu na harusi za nyumbani kwetu. Saa 689 zilizobaki iliwaka bila kumhudumia mtu yeyote.

Husimuliwa kuhusu Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala tangu mwaka 99 hadi 101 Hijria, kwamba alikuwa akishughulikia mambo ya umma usiku kwa taa ya Baitul-mali. Mgeni alipoanza kumuuliza habari za nafsi yake na familia yake, aliizima taa ile na kuwasha yake mwenyewe. Tumekisimulia kisa hiki mara nyingi mbele ya wanafunzi. Safari hii taa ilikuwa sebuleni kwetu. Sanduku lile hutiwa sarafu ya shilingi 200 na mama muuza vitumbua kila Ijumaa. Hakuitoa ili watoto wa katibu watazame katuni, wala ili kompyuta ikae macho saa 689 bila kazi.

Azimio halikuandikwa. Tuliwashukuru wajumbe, tukawaonesha hesabu, na tukaahidi kulipunguza tatizo badala ya kulilipia.

Tulivyolipunguza

Kwanza, tuliiweka kando kompyuta ya mezani na kutumia kompyuta mpakato ya zamani ambayo kioo chake kimevunjika. Kompyuta mpakato imeundwa kuishi kwa betri, hivyo haina ulafi. Tukaiunganisha na diski moja ndogo ya nje badala ya zile kubwa mbili. Kipimo kikasoma wati 15.

Pili, tuliipangia usingizi. Huzimwa saa nne usiku na kuwashwa saa kumi alfajiri, kwa utaratibu wake na si kwa kuchomolewa waya, kwani kukatwa ghafla huweza kuharibu mafaili. Saa 18 kwa wati 15 ni uniti 8 kwa mwezi badala ya 72.

Tatu, filamu na darsa tumezihifadhi katika muundo ambao televisheni yetu huusoma moja kwa moja, ili mashine isihangaike kugeuza.

Nne, rekodi za darsa tumezinakili katika diski ya pili iliyohifadhiwa kabatini, isiyochomekwa popote. Wapo wanaodhani mashine ikizimwa kumbukumbu hupotea. Diski iliyozimwa huhifadhi kilichomo na haili hata senti moja.

Sasa nyumba yetu inatumia uniti 68 kwa mwezi, chini ya ule ukomo wa 75. Tumeomba kurejeshwa katika daraja letu la awali na tunasubiri jibu. Majirani wangali wanasikiliza darsa zao, na gharama yake tunaibeba wenyewe.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu

Asiye na kipimo anaweza kutumia mita yake mwenyewe. Mita nyingi zina taa ndogo inayomweka, na juu yake imeandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja. Ikiwa ni 1000, zima kila kitu isipokuwa kifaa unachokichunguza, kisha hesabu mimweko kwa dakika 30 na uizidishe mara mbili. Jawabu ndilo idadi ya wati. Kisha kumbuka kanuni hii: kila wati 10 zinazowaka mchana na usiku ni uniti 7 na kidogo kwa mwezi.

Katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpitia Saad akitawadha, akamtahadharisha na israfu, akambainishia kuwa imo hata katika udhu, hata kwa aliye kando ya mto utiririkao. Ikiwa israfu huingia katika ibada, haitashindwa kuingia katika mashine tuliyoiwasha kwa nia njema. Tunamuomba Allah atujaalie kuwa waangalifu katika mali zetu, na waangalifu zaidi katika zile tulizoaminiwa. Wallahu aalam.