Wati Tatu Zinatosha Kuendesha Simu za Nyumbani

Msomaji wetu wa Bombambili, mjini Songea, anataka simu za ndani: moja sebuleni, moja dukani, moja kwenye ghala la mahindi, zote zipite kwenye rauta aliyonayo. Amebakiwa na kompyuta ya mezani ya zamani, anauliza kama itamudu Asterisk, ile programu huria ya kuunganisha simu iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Itaimudu, tena kupita kiasi. Kompyuta ya namna hiyo hula wati 60 hivi, na mtambo wa simu hauzimwi usiku. Kwa mwezi ni uniti 43. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1, anayetakiwa asivuke uniti 75, atakuwa amemaliza zaidi ya nusu ya umeme wake kwa kusubiri simu ilie. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayokaribiana na kadi ya benki kwa ukubwa, hutosheka na wati 3, yaani uniti 2 na kidogo.

Inawezaje? Hapa ndipo penye utamu wote. Katika mfumo wa kawaida wa simu, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Simu hukusanya vipimo 160, vya milisekunde 20, na kuvituma kwa pamoja kama pakiti moja. (Nasema pakiti, maana kifurushi kwetu ni cha bando.) Ni pakiti 50 kwa sekunde kutoka kwa kila msemaji, 100 kwa maongezi mazima. Raspberry Pi Zero ya mwaka 2015, yenye prosesa ya gigahezi 1, inapata mapigo milioni 10 kwa kila pakiti, na kazi yenyewe ni kusoma anwani na kuipitisha tu, mradi simu zote zitumie mfumo mmoja wa sauti.

Ugumu uko kwenye kuwahi. Chukua mashine ya kusaga ya mtaani inayoletewa mahindi na bodaboda, debe moja moja. Mashine inasaga kwa mwendo uleule, lakini bodaboda mmoja kakwama kilimani, na wawili wamefika kwa mpigo. Kinachookoa ni lile bakuli la juu. Mwenye mashine hafungulii debe la kwanza likifika. Anangoja yawe mawili matatu, ndipo anaanza, na akichelewa mmoja unga unaendelea kutoka. Bakuli likiwa dogo, mashine inazunguka tupu, na kwenye simu sauti inakatika. Likiwa kubwa mno, mahindi yanakaa sana juu, na kwenye simu watu wawili wanaanza kusema pamoja, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa njia moja. Ila debe lililochelewa litasagwa tu. Pakiti iliyochelewa hutupwa, kwa kuwa zamu yake imeshapita. Simu huziba pengo kwa kurudia kidogo sauti iliyotangulia, na sikio halitambui. Naliona jambo hili kuwa zuri ajabu kila ninapolifikiria.

Bakuli hilo limo ndani ya simu zenyewe. Kisanduku cha katikati, yaani hiyo Raspberry Pi, kinadaiwa kitu kimoja: kisisitesite. Kiunganishwe na rauta kwa waya, Wi-Fi waachiwe wengine. Kipewe chaja ya volti 5 isiyoyumba, maana volti zikishuka Raspberry Pi hujipunguzia kasi yenyewe. Na kisiandike kumbukumbu kila dakika kwenye memori kadi, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika.



Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, majenereta ya dizeli yakapumzika, lakini kukatika bado kupo. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84, na ni vyema isikamuliwe zaidi ya nusu. Kisanduku peke yake kitakaa nayo saa 14. Ukiongeza rauta ya wati 7 zinabaki saa 4 tu, kwa hiyo msomaji wetu asome kwanza lebo iliyo chini ya rauta yake kabla hajanunua betri.