Tawaddudi Mbele ya Matabibu



Katika nyumba zetu nyingi liko neno ambalo wazee hulitamka wamwonapo binti ameinamia kitabu kisichokuwa cha skuli wala cha chuoni. Husema: "Hizo ni porojo." Mimi ni mtu wa chuo, kazi yangu ni kusomesha Juzuu na fiqhi ya mwanzo, wala simo katika wale wasifuo kila kilichopigwa chapa. Viko vitabu vya hadithi ambavyo hata mtu mzima ni heri asivifungue. Walakini kuvihukumu vyote kwa hukumu moja ni dhuluma, na sababu ya kusema hivyo ni binti mmoja aliyehitimu Qur'ani mikononi mwangu.

Binti huyu ni yatima wa baba, na walii wake ni ami yake. Alipofaulu mtihani wa kidato cha nne alichaguliwa kuendelea na Fizikia, Kemia na Biolojia katika skuli ya bweni iliyo mbali na kwao. Nia yake ni udaktari. Ami yake hakukataa, wala hakukubali. Alipiga hesabu tu: miaka miwili ya sekondari ya juu, mitano ya chuo kikuu, na mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa, jumla minane, na binti atakuwa amefika miaka 25. Hesabu hiyo haina kosa, na mzee anayeipiga si adui wa elimu. Ni mtu aliyeachiwa amana na ndugu yake, naye anaogopa kuulizwa juu yake.

Nilipomwuliza binti ni nani aliyemtia moyo katika jambo zito kama hilo, nilitaraji atanitajia daktari fulani aliyepata kumtibu. Akanijibu: "Maalim, ni Tawaddudi."

Huenda baadhi ya wasomaji hawamjui. Tawaddudi ni mjakazi katika kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela. Palikuwa na tajiri wa Baghdadi aliyejaaliwa mtoto mmoja wa kiume, jina lake Abul-Husni. Tajiri alipofariki, kijana akaitumia mali kwa anasa hata isibaki nyumba, wala shamba, wala bidhaa. Akabaki na mjakazi aliyerithi kwa baba yake. Njaa ilipomshika, mjakazi ndiye aliyetoa shauri: "Nipeleke kwa Khalifa Harun Rashid, umwombe dinari 10,000. Akiona bei ni kubwa, mwambie anijaribu."

Khalifa akamwuliza ajua elimu gani. Akazitaja moja baada ya moja: nahau, fiqhi, tafsiri, hesabu, falaki, utabibu, na nyinginezo. Khalifa akastaajabu, akawaita wanavyuoni wa kila fani waje wamhoji. Akahojiwa kwanza na mafaqihi juu ya udhu, sala, zaka, saumu na hija. Kisha na msomaji wa Qur'ani. Ndipo akaja tabibu. Baada yake mnajimu, na mwanafalsafa, na mwisho Ibrahim an-Nadhwam aliyeletwa kutoka Basra. Sharti ilikuwa kwamba ashindwaye huvua joho lake la uanachuoni mbele ya watu. Wote walivua.

Kwa mtu wa chuo kama mimi, mpango huo wa maswali ni jambo la kufurahisha. Yule aliyetunga kisa, Mungu amrehemu, hakumleta tabibu kabla ya faqihi. Msichana aliulizwa kwanza jinsi amwabuduvyo Mola wake, kisha ndipo akaulizwa juu ya wengu na nyongo. Nilimwambia binti yangu jambo hilo, akacheka, akasema yeye amekwisha kuuliziwa ya kwanza na mimi kwa miaka saba, sasa anawangojea wa pili.

Mhoji wa utabibu ndiye aliyemfunga binti kwenye kisa hiki. Tabibu alimtaka amweleze umbo la mwanadamu, naye akamtajia moyo, ini, mapafu, mafigo, ubongo, matumbo na hisi tano, na kila kimoja kazi yake. Akaulizwa dalili za maradhi ya ndani kwa kutazama ya nje. Akaulizwa juu ya kuumika, wakati wake na hali yake. Juu ya kuoga hamamu. Juu ya chakula kifaacho na kidhuru. Akajibu kwamba mtu ale anapoona njaa, wala asishindilie tumbo. Alifanye mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Tabibu aliishiwa na maswali. Ndipo Tawaddudi naye akamtegea kitendawili: kitu cha mviringo, cha thamani ndogo, kilichofungwa shingoni ingawa si mtoro. Tabibu akanyamaza. Jawabu lilikuwa kifungo na kitanzi chake, nacho kilikuwa kifuani pa tabibu mwenyewe wakati wote ule.

Hapa hapana budi mwalimu aseme neno, kwa kuwa kisa ni kisa, na dini ni dini. Habari ya mafungu matatu ya tumbo ina asili katika Hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyoipokea Tirmidhi. Lakini neno jingine ambalo kisa hicho chamnasibishia Mtume, kwamba tumbo ni nyumba ya maradhi na kujizuia ndiko kichwa cha dawa, wajuzi wa Hadithi wamesema si lake. Hunasibishwa na al-Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu wa zama zile. Neno lenyewe ni jema, ila si kila neno jema ni Hadithi, na vijana wetu wasomao vitabu vya visa yawapasa walijue hilo kabla hawajalitaja mimbarini.

Binti naye ana masahihisho yake. Tawaddudi asema mishipa ya mwanadamu ni 360, na mifupa aitaja kwa hesabu inayozidi 200 na thelathini. Binti aliniambia kwamba mifupa ya mtu mzima ni 206, na kwamba mtoto mchanga huzaliwa na mingi zaidi, kisha mingine huungana kadiri anavyokua. Kuhusu hiyo 360, nilimkumbusha kwamba katika Sahihi Muslim iko Hadithi ya Bibi Aisha itajayo viungo 360, na viungo si mishipa. Yaelekea mtungaji wa kisa aliikumbuka idadi akaiweka pengine. Nilipendezwa kuona kwamba kumpenda Tawaddudi hakukumzuia kumsahihisha. Binti anayekisoma kitabu hivyo hawezi kupotezwa nacho kwa urahisi.

Mkewe ami yake, mama mwenye akili sana, alitoa hoja nzito kuliko zote nilizosikia. Alisema: "Huyo Tawaddudi wenu ni mtumwa, anapelekwa sokoni na kijana mpotevu aliyefuja mali ya baba yake. Ndiye kielelezo cha kumpa mtoto wa kiungwana?" Sikuwa na jawabu la haraka. Binti ndiye aliyejibu, kwa adabu, macho yake chini: "Mama, bwana wake alikuwa na kila kitu nje ya kichwa chake, kikaisha. Yeye alikuwa na kila kitu ndani, hakikuisha." Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akamwagiza alete chai.

Mimi nitaongeza lingine katika upande huo. Mwisho wa kisa, Khalifa alimpa bwana wake dinari 100,000, mara kumi ya ile bei iliyotajwa, akamwambia Tawaddudi aombe atakalo. Hakuomba kukaa katika jumba la Khalifa. Aliomba arudishwe kwa yule yule aliyekuwa maskini jana. Elimu haikumtoa katika uaminifu. Wazazi wengi wanaogopa kwamba binti akisoma sana atawasahau watu wake. Basi kisa hiki cha kale kimeiona hofu hiyo kabla yetu.

Liko pia jambo la mnajimu. Alimwuliza kama mvua itanyesha mwezi ule. Tawaddudi akainamisha kichwa, akanyamaza muda mrefu, hata Khalifa akadhani ameshindwa. Akasema kwamba ataka apewe upanga amkate kichwa mwulizaji, maana ameuliza jambo la ghaibu ambalo ni la Mwenyezi Mungu peke yake. Khalifa akacheka. Upanga ni mapambo ya kisa, tuuache. Bali daktari anayejua mpaka wa elimu yake, asemaye "hili silijui, Mungu ndiye ajuaye siku za mgonjwa huyu," huyo ndiye mgonjwa atakayemwamini.

Baada ya Tawaddudi, binti aliniuliza juu ya Shahrazadi mwenyewe, msimulizi wa visa vyote. Katika nuskha ya kale ya Sham, iliyopigwa chapa Leiden mwaka 1984 kwa kazi ya Muhsin Mahdi, mwanzoni kabisa yatajwa kwamba Shahrazadi alikuwa amesoma vitabu vya adabu, hikima na utabibu. Utabibu! Watu humkumbuka kwa maneno matamu, wakasahau kwamba aliingia kwa mfalme mgonjwa wa roho, mwuaji wa wake zake, akamkalia usiku baada ya usiku kama mwuguzi akaavyo kitandani pa mwenye homa. Hata hivyo, Shahrazadi alimpinga baba yake waziri, na hapo nilimwonya binti. Akaniambia: "Lakini hakutoroka, Maalim. Alikaa naye akamsikiliza, kisha akamjibu, mpaka baba mwenyewe akampeleka." Ni kweli, ndivyo kilivyo kisa. Nami nikamwambia: basi nawe kaa na ami yako.

Kwetu pwani tunaye Mwana Kupona, aliyeutunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Wengi huusoma kwa yale ya utii wa mke kwa mume, nayo yamo. Binti yangu aliona jingine: kwamba mtungaji alikuwa mgonjwa, mwili umedhoofu, naye akaitisha karatasi na wino. Alisema angependa kuwa daktari wa mwanamke kama yule, akae karibu yake, amwulize anaumwa wapi.

Ami yake alipoyasikia haya yote alisema neno la haki: "Hao ni watu wa vitabuni. Wa kweli wako wapi?" Basi hao nao wapo, wala hatuhitaji kuwatunga. Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume mjini Madina, akiwauguza majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq aliwekwa humo. Rubayyi binti Muawwidh amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba walikuwa wakitoka na Mtume, wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwatibu waliojeruhiwa. Shifaa binti Abdillah alijua kuandika, na Mtume alimtaka amfundishe Bibi Hafsa zinguo la namla kama alivyomfundisha kuandika.

Tena Imamu Ghazali, katika kitabu cha elimu kilicho mwanzo wa Ihyaa, ameuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya. Akalalamika kwamba miji mingi haina tabibu ila wasiokuwa Waislamu, hali watu wanasongamana katika fiqhi na mabishano yake. Alifariki mwaka 1111, na lalamiko lake bado lina uhai. Ni wanawake wangapi katika mitaa yetu huficha maradhi yao kwa haya, mpaka yakakomaa, kwa kuwa kwenye chumba cha daktari hawakutaraji kumkuta mwanamke mwenzao? Kila msomaji atazame ukoo wake. Tukiwazuia mabinti wetu wasisome utabibu, kisha tukadai wake zetu watazamwe na wanawake, twataka kuvuna tusichopanda.

Ami alikuja chuoni baada ya sala ya Isha, akamwita binti mbele yangu na mbele ya mamake. Hakutaka tena habari za Baghdadi. Aliuliza matatu. La kwanza, akishindwa masomo atafanyaje? Binti akajibu kwamba uuguzi na ukunga ni kazi za heshima, na masomo yale yale huzifungulia mlango. La pili, akija mchumba mwema katikati ya safari? Akajibu kwamba hilo ni la ami na mama kulitazama pamoja naye, ila angeomba mchumba aambiwe mapema juu ya kitabu. La tatu, sala zake bweni. Hapo aliinua uso mara ya kwanza, akasema: "Ami, ulinipeleka kwa Maalim nikiwa na miaka saba. Nijaribu."

Mzee aliniangalia. Sikusema kitu, maana haikuwa zamu yangu. Akamwambia ampigie simu mamake kila Ijumaa, akamwambia atampeleka mwenyewe mpaka mlangoni pa skuli, naye akatoka kwenda kutafuta viatu vyake. Sasa lililobaki ni godoro, sanduku la chuma na koti jeupe la maabara. Godoro limekwisha patikana.