Miwani ya daktari haioni ndani ya mwili

Juzi barazani tulibishana kuhusu miwani ambayo eti daktari akiivaa, anamwona mgonjwa ndani kama samaki kwenye maji maangavu. Miwani ipo. Lakini haioni ndani ya mwili, na hapo ndipo ningependa tuelewane.

Juni 2020, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Dkt. Timothy Witham na wenzake waliivaa wakamtia mgonjwa skrubu sita kwenye uti wa mgongo. Siku mbili baadaye ilitumika kumtoa mgonjwa mwingine uvimbe wa saratani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mgonjwa hupigwa kwanza picha za CT scan. Kompyuta huzijenga ziwe umbo kamili la mifupa yake, kisha miwani humwonyesha daktari umbo hilo likiwa limelala juu ya mgongo halisi. Alama maalumu hubanwa kwenye mfupa, na kamera ya miwani huifuata alama hiyo ili picha na mwili visiachane. Zamani daktari alilazimika kugeuza macho kutazama skrini ya pembeni huku mkono umeshika chombo, milimita chache tu kutoka kwenye mishipa ya fahamu. Sasa macho hayatoki kwenye jeraha.

Kwa hiyo anachokiona ni picha iliyokwisha kupigwa. Alama ikigongwa ikasogea, picha nayo hudanganya. Ndiyo maana wameanza na mfupa, ambao umbo lake halibadiliki. Ini, kwa mfano, husogea kwa kila pumzi na hubadilika umbo likikatwa. Hapo kazi ni ngumu zaidi.

Mtu akija kutuuzia miwani hii huku Pwani, mimi nitamuuliza kwanza habari za CT scan: inafanya kazi? Nani anaisoma usiku? Umeme ukikatika je? Hatujasahau mashine zilizokodishwa kwa hospitali za kaunti kuanzia 2015, nyingine zikakaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au hata chumba cha kuziweka. (Na kodi ililipwa vilevile.)

Siipingi miwani. Mwenye skrubu sita mgongoni ana kila sababu ya kuishukuru. Ila bila picha nzuri ya CT, aliyeivaa hana cha kuonyeshwa.