Sikukuu Njema Huanza Mwezi wa Juni

Mwezi wa Desemba ukifika, kila nyumba katika skimu huwa na furaha. Watoto wamefunga shule. Mahindi yamevunwa, au yanakaribia kuingia ghalani. Jamaa walioko mjini wanakuja kututazama. Tangu Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, mpaka Mwaka Mpya ni majuma matatu tu, na Krismasi imo katikati. Wenzetu Waislamu nao wana Idi zao, ambazo hufuata mwezi mwandamo na kwa hiyo haziangukii tarehe ile ile kila mwaka.

Ni haki ya mkulima kufurahi siku hizo. Mtu aliyeinama shambani tangu Machi anastahili kuketi na mkewe na watoto wake, ale vizuri, acheke, asikie habari za jamaa. Mtoto naye akikua hukumbuka sana siku za namna hiyo kuliko viatu alivyonunuliwa.

Lakini nyuma ya Desemba kuna Januari. Januari ndio mwezi wa karo, sare na vitabu. Haupiti muda, Machi inaingia nayo inataka mbegu na mbolea. Ndiyo maana yafaa kila baba na mama wajue jinsi ya kuifanya sikukuu iwe tamu bila kuliharibu shamba.

Majirani wawili

Tutoe mfano wa majirani wawili katika skimu moja ya mahindi na maziwa. Ni mfano tu, lakini wengi watautambua.

Wa kwanza aliuza magunia yake yote mwanzo wa Desemba, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Alinunua mbuzi, nguo za watoto, unga wa ngano wa chapati na soda za kutosha kijiji kizima. Kisha akapanda matatu na jamaa yake yote kwenda kwa wazee, nauli ikiwa imepanda kama ilivyo desturi ya siku hizo. Ng'ombe wawili wa maziwa wakaachiwa kijana mmoja asiyezoea kukamua. Siku mbili kijana yule naye akaenda sikukuu yake. Mwenye shamba aliporudi alikuta kiwele cha ng'ombe mmoja kimevimba, kina moto, na maziwa yana madonge. Januari mtoto wake wa sekondari alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Baba akauza mtamba, yule ambaye angezaa mwaka uo huo. Basi ile sikukuu ya siku sita ilimgharimu ng'ombe mmoja.

Jirani yake naye alichinja, alipika chapati, alipokea wageni. Lakini jogoo walikuwa wake mwenyewe, vitunguu vilikuwa vyake, na karo ilikuwa imewekwa kando kabla hajanunua hata soda moja. Watoto wake hawakufurahi kidogo kuliko watoto wa jirani. Pengine walifurahi zaidi, kwa sababu karamu ile waliifanyia kazi kwa mikono yao.

Tofauti ya watu hawa wawili si mali. Ni kwamba mmoja aliinunua sikukuu, na mwingine aliipanda.

Fanya hesabu kabla ya kuuza

Jambo la kwanza ni chakula cha nyumbani. Kwa hesabu ya kawaida, mtu mmoja hula karibu gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mwaka. Nyumba ya watu saba basi iweke magunia saba, na moja zaidi kwa ajili ya wageni. Hayo manane yasiguswe. Mkulima anayeuza yote Desemba atanunua mahindi yale yale mwezi wa Mei au Juni kwa bei kubwa.

Jambo la pili ni msimu ujao. Ekari moja ya mahindi huhitaji mbegu kilo 10, mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, na mfuko mwingine kama huo wa mbolea ya kukuzia. Hesabu ekari zako, uliza bei dukani, uandike.

Jambo la tatu ni karo, sare na vitabu. La nne ni madeni na michango ya chama cha ushirika.

Baba na mama wakae pamoja mezani, na watoto wakubwa wakaribishwe wasikilize. Yaandikwe mambo hayo manne kwenye daftari, na fedha zake ziwekwe benki, katika chama cha akiba au mahali pengine salama. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, hata kikiwa kidogo. Mtoto aliyeyaona maandishi hayo hatamsumbua baba kwa viatu vya bei kubwa. Atajua fedha zimekwenda wapi, na atajifunza hesabu ambayo itamfaa atakapokuwa na shamba lake.

Jogoo wa Krismasi hutoka yai la Juni

Kuku wa kienyeji huatamia kwa siku 21. Kifaranga naye huhitaji kama miezi mitano hivi kabla hajawa jogoo wa kutosha sufuria. Kwa hiyo mama anayemwekea kuku mayai mwanzoni mwa Juni atapata vifaranga kabla ya mwisho wa mwezi, na Desemba atakuwa na jogoo wa kuchinja na wengine wa kuuza. Wakati huo watu wa mjini wanatafuta kuku kwa bidii, na bei ni nzuri.

Vitunguu huchukua kama miezi minne mpaka mitano tangu mbegu. Kabeji na nyanya zikishahamishwa kutoka kitaluni huchukua kama miezi mitatu. Katika nchi za baridi kama Kinangop, viazi huchukua miezi mitatu au minne. Hesabu nyuma kutoka Desemba, nawe utaona kwamba karibu kila kitu cha karamu, isipokuwa chumvi, sukari, majani ya chai na unga wa ngano, chaweza kutoka shambani mwako.

Mpe mtoto kitu chake mwenyewe

Likizo za shule ni tatu: ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Wazazi wengi huziona kama wakati wa kupata vibarua wa bure. Mtoto hufanya kazi kutwa, lakini hapati kitu anachoweza kukiita changu. Si ajabu kwamba akimaliza shule hataki tena kuliona jembe.

Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 kwa nia ya kuwafundisha watoto ukulima kwa vitendo, na vikafufuliwa mashuleni mwaka 2021. Jambo lile lile laweza kufanyika nyumbani. Katika likizo ya Aprili mpe kila mtoto kitu kimoja: huyu kuku jike, yule sungura, huyu kijaruba cha vitunguu. Awe na daftari yake aandike chakula alichotoa, mayai aliyookota, na fedha aliyopata.

Kisha baba atunze ahadi. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto huambiwa kuku ni wake, lakini mgeni akija kuku yule huchinjwa bila mtoto kuulizwa. Au huuzwa, na fedha huingia mfukoni mwa baba. Mtoto hasemi neno, lakini hasahau. Ukihitaji kuku wake, mwombe, umlipe. Siku ya sikukuu akinunua kalamu au nguo kwa fedha yake, furaha yake haitakuwa na kifani. Na kuku aliyetolewa karamuni na mtoto kwa hiari asifiwe mbele ya wageni wote.

Ng'ombe hajui sikukuu

Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa mara mbili kwa siku kwa saa zile zile, iwe Jumatatu iwe Krismasi. Akiachwa bila kukamuliwa, maziwa hupungua, na kiwele hupata ugonjwa kwa urahisi. Kwa hiyo angalieni mambo haya:

Kwanza, wasiondoke watu wote pamoja. Nyumba nyingi za skimu zina kwao kwingine, kwa maana skimu zetu nyingi zilianza mwaka 1962 na baadaye, mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa, na watu wakaja kutoka wilaya mbalimbali. Ni vizuri watoto wawajue babu na nyanya zao. Lakini waweza kwenda kwa zamu: mwaka huu mama na wadogo, mwaka ujao baba na wakubwa. Au mwaka mmoja mwende kwa wazee, na mwaka wa pili wazee waletwe skimu.

Pili, kama ni lazima kumwachia mtu mwingine kazi, mlete siku chache kabla ya safari. Akamue ukimtazama. Mwonyeshe namna ya kuosha kiwele na kulichunguza ziwa moja moja. Mwachie namba ya simu ya daktari wa mifugo. Na usisahau kumpa sikukuu yake naye, kabla yako au baada yako.

Tatu, tazama daftari ya kupandisha. Ng'ombe huchukua mimba kama siku 283. Aliyepandishwa katikati ya Machi atazaa karibu na siku ya Krismasi yenyewe. Mwenye ng'ombe wa namna hiyo asipange safari.

Nne, usimwagie ng'ombe mabaki ya karamu. Wali, ugali na unga vikiliwa kwa wingi kwa ghafula huchachuka tumboni, na ng'ombe aweza kufa.

Jihadhari na kuku wa sokoni

Katika majuma ya sikukuu kuku husafirishwa huku na huku, na maradhi husafiri pamoja nao. Mbaya kuliko yote ni Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Waweza kumaliza kuku wa nyumba nzima kwa siku chache, na dawa ya kuuponya hakuna. Kinga yake ni chanjo. Chanja kuku wako mapema mwezi wa Novemba, maana kinga huchukua kama majuma mawili kujengeka mwilini. Kuku wa kununua au wa zawadi usimchanganye na wako. Mtenge majuma mawili, au mchinje siku ile ile, na manyoya na matumbo uyazike.

Watoto wa mjini wanapokuja

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini watoto wa mjini hawalijui shamba. Dawa za kupe, za magugu na za kuhifadhia mahindi zifungiwe kwa kufuli, zisiwekwe katika chupa za soda hata siku moja. Mabwawa ya zamani yako bado katika skimu nyingi, na mtoto asiyejua kuogelea huzama kwa dakika chache. Awepo mtu mzima mmoja wa kuwaangalia watoto, naye ajue kwamba kazi hiyo ni yake. Ni hatari kila mtu mzima akidhani mwenzake anatazama.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo si ya ubahili. Mtoto wa mjini aliyefundishwa na binamu yake kukamua, kupukusa mahindi na kuokota mayai atarudi kwao na habari za kusimulia mwaka mzima.

Jioni ya hadithi

Furaha kubwa ya sikukuu haina gharama. Jioni, chakula kimekwisha, zimeni redio na muweke simu kando. Mwacheni nyanya aseme "Kitendawili!" na watoto waitikie "Tega!" Mwulizeni babu, kama angali hai, walivyofika katika skimu: walilala wapi usiku wa kwanza, ng'ombe wa kwanza alitoka wapi, mkopo wa ardhi ulilipwaje kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kijana mmoja aandike majibu katika daftari. Wazee waliofika wakiwa watu wazima wanazidi kupungua kila mwaka, na mengi ya habari zao hayajaandikwa popote.

Mtoto anayejua jinsi shamba lilivyopatikana hataliuza kwa wepesi.

Kumbuka

Aprili: mpe kila mtoto kitu chake cha kutunza.
Juni: wekea kuku mayai.
Agosti na Septemba: panda vitunguu, kabeji na viazi vya sikukuu.
Novemba: chanja kuku, tazama daftari ya ng'ombe, amueni nani atasafiri na nani atabaki.
Desemba: weka kando chakula, karo na fedha ya mbegu. Kisha furahini.

Ikiwa lipo jambo ambalo hukulielewa, mwulize Bwana Shamba au afisa wa mifugo wa kaunti yako. Na kama Juni imekwisha kupita bila wewe kuweka mayai, usikate tamaa. Mwaka huu anza na daftari. Akiba haiozi.