Maktaba Iliyofutwa Bado Inafanya Kazi

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, maktaba inayosimba mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, ina tundu lililopewa jina la Heartbleed. Mtu aliye mbali aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, pengine vyenye nywila au hata ufunguo wake wa siri. Watumiaji wa Debian walipata dawa upesi: apt-get update, kisha apt-get upgrade, na kifurushi kipya cha libssl1.0.0 kikasakinishwa. Ukiuliza dpkg -l, unajibiwa kwamba toleo salama limeshaingia. Hata hivyo, huduma yoyote ambayo haikuzimwa na kuwashwa upya iliendelea kuvuja.

Sababu yake inastahili kueleweka na kila anayesimamia kompyuta ya Linux. Maktaba ya mfumo ni faili la misimbo linalotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Programu inapoanza, kipakiaji hutafuta maktaba kwa jina, kikisaidiwa na orodha iliyoandaliwa na ldconfig katika /etc/ld.so.cache, kisha huiunganisha na kumbukumbu ya programu hiyo. Baada ya hapo jina halina kazi tena. Programu imeshika faili lenyewe.

Na katika Linux, jina na faili ni vitu viwili. Jina hukaa kwenye saraka. Taarifa za faili hukaa kwenye inodi, na mfumo hauachilii nafasi yake kwenye diski mpaka lisibaki jina wala mchakato unaoishikilia. dpkg huandika faili jipya pembeni, halafu hulipatia jina la zamani. Faili kuukuu hupoteza jina, si uhai. Fungua /proc, tazama maps ya mchakato husika, utaliona likiwa na alama ya deleted. Napenda sana ubunifu huu, kwani ndio unaoruhusu mashine kusasishwa huku ikihudumia watu. Chombo kiitwacho needrestart hukagua michakato ya namna hiyo na kukutajia huduma za kuwasha upya.

Upande wa kuondoa vifurushi, hatari huchelewa. apt remove huondoa kifurushi pamoja na vyote vinavyokitegemea. Mafaili ya usanidi huachwa mpaka utumie apt purge. Vifurushi vilivyoletwa kama tegemezi, na sasa havihitajiki, husafishwa na apt autoremove. Hesabu hiyo ni makini, lakini inahusu vifurushi tu. Programu uliyoijenga mwenyewe na kuiweka /usr/local haimo.

Chukua libpng-dev ya Debian 12. Unaisakinisha ili ujenge programu yako, nayo inakuja na libpng16-16. Ukishamaliza unaiondoa libpng-dev, kisha autoremove inachukua na libpng16-16 ikiwa hakuna kifurushi kingine kinachoihitaji. Programu yako, kama ilikuwa imeshaanza, haitetereki. Siku umeme ukikatika na mashine ikawaka upya, programu inagoma kuanza kwa kukosa maktaba, wakati huo amri ya autoremove umeshaisahau.

Kwa hiyo, kabla ya kusafisha, iendeshee programu uliyoijenga amri ya ldd uone inaegemea maktaba zipi. Kisha andika apt-mark manual libpng16-16, na autoremove haitaigusa.