Makofi Hayaezeki Paa

Mwaka huu nimejitwika mzigo wa kueleza jinsi watu wanavyochangisha pesa za kukarabati nyumba za sanaa, yaani zile kumbi ambamo watu huigiza, huimba na kucheza ngoma. Jambo hili tunalipenda sote kwa mdomo. Siku ya maigizo tunapiga makofi mpaka viganja vinawaka moto, lakini makofi hayaezeki paa. Paa linaezekwa kwa pesa, na pesa zina njia zake. Njia hizo ndizo nitakazozieleza.

Kwanza tujiulize, ukumbi ni nini kwetu watu wa pwani? Mafundi wetu wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ikashikwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki mbali. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi au pungufu. Chumba kama hicho hakiwezi kuchukua ngoma. Kwa hivyo vugo, chakacha na kirumbizi vilichezwa nje, uani au uwanjani, na ndugu zetu Wagiriama nao mwanzele wao wakaucheza kiwanjani. Nyumba kubwa zenye jukwaa na viti zilikuja baadaye. Sasa nyumba hizo nazo zimezeeka, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Nimechagua mifano mitatu. Kila mmoja una njia yake ya pesa, na kila njia ina bei yake.

Mfano wa kwanza ni Jumba la Sanaa la Taifa, Nairobi, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la Kenya National Theatre. Lilifunguliwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, na kwa miaka mingi Waafrika walilalamika kwamba jumba ni la taifa kwa jina tu. Mwaka 1976 waigizaji wa tamthilia ya mzalendo Dedan Kimathi iliwabidi kuvutana na wasimamizi ili wapewe siku chache za kuigiza humo. Miaka ikapita, jumba likachakaa. Baadaye likafanyiwa ukarabati mkubwa, likafunguliwa tena Septemba 2015 na Rais Uhuru Kenyatta. Pesa zilitoka serikalini na kwa kampuni ya bia ya Kenya Breweries. Hii ndiyo njia ya kwanza: serikali na tajiri mkubwa. Uzuri wake ni kwamba kazi inakwisha haraka. Ubaya wake ni kwamba lazima ungoje mpaka mkubwa akukumbuke, na atoaye pesa hutaka jina lake lionekane.

Hebu fikirini, pesa za bia zingekubaliwa hapa Takaungu? Nilimuuliza bibi yangu. Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, afadhali tuimbe juani." Wengine mtacheka, lakini hilo ni somo. Kabla ya kuomba, jamii iamue ni pesa za nani itakazozipokea na za nani itakazozikataa. Msipoamua mapema, mtakuja kugombana hundi ikiwa mezani.

Mfano wa pili ni Kamiriithu, kijiji kilicho karibu na Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Hawakungoja tajiri. Aliyekuwa na nguvu alitoa nguvu, mwenye ufundi akatoa ufundi. Wakaigiza tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ilianza Oktoba, na watu wakamiminika kutoka mbali. Katikati ya Novemba serikali ikafuta kibali. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini mpaka Desemba 1978. Mnamo Machi 1982 askari wakaja kwa malori wakalibomoa jukwaa lote.

Hii ndiyo njia ya pili: watu wenyewe. Uzuri wake ni kwamba ukumbi unakuwa wa watu kweli kweli, hata kabla ya kufunguliwa. Kila mtu ana mti wake pale. Lakini tuseme kweli, njia hii haina ngao. Wanakijiji walikuwa na jukwaa na walikuwa na moyo, ila kibali kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Karatasi pekee isingezuia ubabe wa siku zile, hilo nakubali. Lakini siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Katiba ya mwaka 2010 inataja shughuli za utamaduni na burudani za umma katika kazi za serikali za kaunti. Kwa hivyo kikundi kinapotaka kukarabati ukumbi hapa kwetu, mlango wa kwanza wa kubisha ni Kaunti ya Kilifi, na swali la kwanza ni hili: uwanja huu ni wa nani, na hati iko wapi? Ukijenga juu ya ardhi ambayo huna hati yake, unaweza kuwa unamtengenezea mtu mwingine nyumba.

Mfano wa tatu uko ng'ambo ya maji, Unguja. Katika Mji Mkongwe kuna sinema iitwayo Majestic. Ukumbi wa kwanza mahali pale uliungua, na mwaka 1955 ukafunguliwa huu ulioko sasa. Zamani Waunguja walijipamba kwenda sinema kama waendao harusini. Kisha televisheni ikaingia visiwani mapema miaka ya 1970, video nazo zikafuata, viti vikabaki vitupu. Nyumba isiyo na watu haikai. Paa likaporomoka, mvua ikawa ndiyo mtazamaji. Miaka ya karibuni raia wanaopenda majengo ya mji wao, kupitia jumuiya ya Hifadhi Zanzibar, wamekuwa wakifanya juhudi za kuirudisha iwe nyumba ya filamu na sanaa. Hii ni njia ya tatu: wenyeji wanashika usukani, na marafiki wa nje wanaalikwa kusaidia. Wafadhili wa namna hii hawatoi pesa kwa machozi. Wanataka michoro, makadirio na mpango wa kazi. Ni njia ndefu, nayo huhitaji subira.

Lakini subira nayo ina mpaka. Mtaniuliza, mpaka gani? Kule kule Unguja liko jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Pesa za ukarabati zilikuwa zimepatikana kutoka Oman, na mafundi walikuwa kazini. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaanguka na watu wawili wakafariki. Pesa zilikuja, lakini jengo halikuweza kungoja zaidi. Ndiyo maana mimi nasema ukarabati si urembo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utachimba kaburi.

Sasa nije nyumbani. Takaungu ni mji wenye historia. Mazrui walikuja hapa baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837, na kutoka hapa ndipo ulipoanzia ule ugomvi wa urithi wa mwaka 1895 ulioleta vita na Waingereza. Lakini hatuna jumba la sanaa lenye jina. Mtaani kwetu lipo banda la makuti ambalo kina mama wa kikundi cha shangazi yangu hufanyia mazoezi ya vugo. Bibi anasema yeye mwenyewe alifundishwa kupiga pembe mahali pale pale, chini ya banda lililotangulia hili. Sasa nguzo mbili zimeliwa na mchwa, na upande wa kusini makuti yamekwisha. Masika yakija kina mama hutawanyika, na wasichana wanaojifunza hawarudi kwa majuma mengi. Wimbo usioimbwa husahauliwa. Wanaozijua zile nyimbo ndefu sasa wamebaki wazee wachache, na wazee hawangoji makuti mapya.

Kwa nini basi watu hawachangi? Kwa sababu walichanga. Miaka michache iliyopita pesa zilikusanywa nyumba kwa nyumba, zikawekwa kwa mtu mmoja, na makuti hayakuonekana. Sitamtaja, wala si kazi yangu. Ila tangu siku ile, ukitaja neno mchango mtaani, watu hukujibu kwa kicheko. Kumbe paa lilianguka mara mbili: kwanza lile la makuti, kisha lile la imani. Na hili la pili ndilo gumu kuezeka.

Neno harambee tumelisikia tangu 1963, nalo ni zuri. Lakini harambee nyingi ziligeuka jukwaa la wanasiasa kutupia watu noti, mpaka Julai 2024 Rais William Ruto akatangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena. Mimi naona hiyo ni nafasi kwetu turudi kwenye harambee ya kweli, ile ya wengi kutoa kidogo. Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme nyumba 200 zinatoa shilingi 50 kila juma. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa juma. Kwa majuma kumi ni shilingi 100,000. Hakuna aliyeuza mbuzi, hakuna aliyebembeleza mheshimiwa.

Basi, hatua ni hizi, na nimezipanga kwa sababu moja ikirukwa nyingine haisimami:

Kwanza, ardhi. Ijulikane ni ya nani, na iandikwe.

Pili, fundi akague. Fundi mwenye ujuzi wa majengo ya kale, si yeyote mwenye mwiko. Ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji hushindwa kupumua, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya muda plasta inabanduka na sehemu ya jiwe. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa. Nguzo za mikoko nazo hazikatwi ovyo, ni lazima kibali cha idara ya misitu. Fundi aandike orodha ya vifaa na bei zake, ndipo mtajua mnachangisha kiasi gani.

Tatu, kikundi kisajiliwe. Kuna sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake, pesa zisikae mfukoni mwa mtu.

Nne, watia saini wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kuchanga kumekuwa rahisi, lakini pesa zikiingia kwenye simu ya mtu binafsi ni yale yale ya zamani.

Tano, hesabu isomwe hadharani kila mwezi, mbele ya waliotoa. Aliyetoa shilingi 20 asomwe sawa na aliyetoa 2,000.

Sita, kazi ianze na kitu kidogo kinachoonekana. Nguzo mbili kwanza. Watu wakiziona nguzo mbili, za tatu na nne watazileta wenyewe.

Mtu ataniambia, "Wewe mtoto, zahanati ina upungufu na maji ni ya shida, wewe watuletea habari za ngoma!" Ni neno zito, na sitaki kulipita. Mimi sisemi ngoma ije kabla ya maji. Nasema kikundi kinachojifunza kuweka shilingi 50 salama kwa ajili ya banda, kesho kitaweza kuziweka kwa ajili ya kisima. Hesabu ni moja. Tena ni rahisi zaidi kujifunzia kwenye banda, ambako hakuna mgonjwa anayengoja.

La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Wazee wetu walipojenga msikiti hawakuuacha hivi hivi. Waliuwekea wakfu: minazi, shamba au duka, mapato yake yatengeneze msikiti miaka na miaka. Walijua kujenga ni kazi ya siku chache, kutunza ndiyo kazi ya maisha. Banda la ngoma si msikiti, na silinganishi. Lakini busara ile tunaweza kuiazima. Makuti hudumu miaka michache tu, kisha yataka mengine. Kina mama wakiwa na viti vya kukodisha harusini, au sufuria kubwa za pilau, kodi yake itanunua makuti bila kuzunguka tena na bakuli.

Nimemshauri shangazi hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani atakayeandika daftari la hesabu, kwa maana wengi wao hawakusoma. Nikamwambia chama cha Kiswahili kina wanachama wanaojua kuandika vizuri na kusoma kwa sauti. Kwa hivyo, ndugu zangu, nimewatoa ahadi bila kuwauliza. Mkutano wa kwanza ni Jumamosi baada ya alasiri, pale pale bandani. Njooni na kalamu, na mwenye shilingi 50 asije mkono mtupu.

Wasalaam.